Tovuti Isiyo na Seva Kuu: Tathmini ya IPFS kwa Shule za Kisumu na Magharibi

Kwa yeyote anayetafuta mahali pa bure pa kuweka tovuti kisha aisahau, IPFS, mfumo unaoziwezesha kompyuta kuhifadhi na kugawana faili zenyewe bila seva kuu, haifai, na ni heri alijue hilo mapema. Lakini kwa watu walio na hazina ya faili wanazotaka zidumu, faili zisizobadilika kila uchao, na ambao wako tayari kuzitunza kwa pamoja katika kompyuta zao wenyewe, sijaona chombo kingine kinachoikaribia. Nasema hivyo baada ya kuitumia kwa kazi halisi, wakati wa mvua na wa kiangazi, umeme ukiwepo na usipokuwepo, na baada ya kuwafundisha wenzangu ambao hawakuwa na hamu yoyote ya kujua seva ni nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kikundi chetu cha walimu wa Kiswahili na Historia, ambacho wanachama wake wametawanyika kutoka Ahero na Kondele hadi Luanda na Kakamega, kimekuwa kikikusanya maelezo ya masomo, picha za maeneo ya kale na, zaidi ya yote, rekodi za sauti za wazee. Humo wamo wanaosimulia waliyoyasikia kwa wazazi wao kuhusu reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, wamo wavuvi wanaoeleza jinsi magugu maji yalivyoifunga Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, na wamo akina mama waliofanya biashara Kibuye tangu ujana wao. Hazina hiyo, ambayo sasa imefika takriban gigabaiti sita, ilikuwa katika seva ya kukodi huko ng'ambo. Ada ililipwa kwa dola kupitia kadi ya benki ya mwanachama mmoja, na mwaka mmoja kadi hiyo ilipokataliwa, tovuti nzima ilitoweka hewani katikati ya muhula, ikabaki hivyo hadi mivutano ya barua pepe ilipokwisha. Tangu siku hiyo swali letu halikuwa tena ni kampuni ipi iliyo nafuu, bali kama inawezekana mali ya watu wengi isishikiliwe na uzi mmoja.

Mitandao ya rika kwa rika, ambamo kompyuta huhudumiana zenyewe bila seva kuu, si jambo geni. Bram Cohen alitoa BitTorrent mwaka 2001, na kabla yake, mwaka 2000, Freenet ya Ian Clarke ilikuwa tayari inawawezesha watu kuchapisha kurasa ambazo hazikai katika mashine moja. IPFS ilikuja baadaye: Juan Benet aliieleza kwa maandishi mwaka 2014, na kampuni yake ya Protocol Labs ikaitoa kwa umma mwaka uliofuata. Tofauti yake kubwa na tovuti za kawaida iko katika anwani. Anwani ya kawaida hutaja mahali, yaani kompyuta fulani iliyo na faili fulani. Anwani ya IPFS hutaja kitu chenyewe. Ukiweka faili, programu huikata vipande, ambavyo katika mipangilio niliyoikuta ni vya kilobaiti 256, kisha hupiga hesabu ya SHA-256 juu ya kila kipande na kupata alama yake ya pekee, mithili ya alama ya kidole. Alama za vipande vyote huunganishwa hadi kupatikana moja ya juu kabisa, nayo ndiyo anwani ya faili au ya folda nzima. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, anwani hubadilika.

Kutokana na hilo, haijalishi tena ni nani anayekupa faili. Kompyuta yako inapotafuta anwani fulani huziuliza nyingine kupitia orodha iliyogawanywa miongoni mwa mashine zote, kwa utaratibu uitwao Kademlia ambao Petar Maymounkov na David Mazières waliueleza mwaka 2002. Hakuna mashine iliyo na orodha yote. Ukishapata vipande, iwe ni kutoka kwa rafiki wa Kakamega au kwa mgeni usiyemjua wa Ujerumani, programu hupiga hesabu upya, na kipande kisichooana na alama yake hutupwa. Kwa mwalimu anayehifadhi ushahidi wa sauti wa wazee ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, uhakika huo kwamba rekodi haijaguswa una thamani kubwa kuliko kasi.

Kuiweka programu hakuhitaji ufundi. IPFS Desktop inapatikana kwa Windows, Mac na Linux, na ndani yake imebeba Kubo, programu kuu iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Tuliiweka katika kompyuta ya mezani iliyokwisha kuchakaa, tukaiburuta folda ya tovuti hadi kwenye dirisha lake, na baada ya muda wa kunywa chai tukawa na anwani yetu. Sharti moja pekee lilitutaka kazi ya ziada, na ningemshauri kila anayekuja nyuma yetu alitimize kwanza: viungo vyote ndani ya tovuti viandikwe kwa kurejelea folda ile ile vilimo, bila kuanza na mkwaju (/), kwa sababu kurasa za IPFS mara nyingi hufunguliwa chini ya njia ndefu yenye anwani ndani yake, na kiungo kinachoanza na mkwaju humpeleka msomaji kwenye mzizi wa mashine nyingine ambako hakuna kitu. Tovuti nyingi zilizojengwa kwa violezo vya kununua zina kasoro hiyo.

Ni lazima pia tovuti iwe ya kurasa tuli. Kinachohitaji mtu aingie kwa nywila, ajaze fomu au atafute katika hifadhidata kitahitaji seva ya kawaida mahali fulani. Kwetu hilo halikuwa kikwazo.

Anwani yenyewe ndiyo shida ya kwanza ambayo mtumiaji wa kawaida atakutana nayo. Ya aina mpya ina herufi na tarakimu 59 na huanza na «bafy», na sioni jinsi mwanadamu anavyoweza kuikariri. Katika shule moja ya karibu na Maseno mwalimu aliiandika ubaoni ili wanafunzi wainakili. Mwanafunzi mmoja aliyekaa dirishani, ambako mwanga wa jua ulikuwa ukimetameta juu ya ubao, aliandika l badala ya i, na kompyuta yake ikakataa katakata huku ya jirani yake ikionyesha picha za gati la Kisumu. Alimwita mwalimu, wakapitia herufi moja baada ya nyingine kwa kidole juu ya kioo hadi walipoifikia. Tangu hapo tunachapisha karatasi yenye msimbo wa QR na kuibandika mlangoni mwa maabara.

Kwa tovuti inayoongezewa masomo kila mwezi, anwani inayobadilika kila mara ingewachosha wasomaji, na IPFS ina njia mbili za kulitatua hilo. Ya kwanza ni IPNS, ambayo hukupa jina la kudumu linalotokana na ufunguo wako wa siri, nawe kila ukibadilisha tovuti unatia saini tangazo jipya linaloelekeza kwenye anwani ya sasa. Ya pili ni DNSLink, ambapo anwani huandikwa katika rekodi ya jina la kawaida la tovuti, mathalani jina linaloishia kwa .ke. Tumezitumia zote mbili. IPNS ni huru zaidi, lakini jina hukawia kujibu, hasa pale ambapo intaneti ni ya kuvutavuta, na matangazo yake huisha muda yasipotolewa upya, hivyo mashine yenye ufunguo haiwezi kuzimwa kwa likizo nzima. DNSLink hujibu upesi na humpa msomaji jina linalosomeka, ila inakurudisha kwenye kulipia jina kila mwaka. Tumechagua DNSLink kwa wasomaji wa nje na anwani yenyewe kwa maabara za shule, na naona mgawanyo huo ndio unaofaa.

Sasa nifike kwenye suala ambalo matangazo mengi ya teknolojia hii hulipita haraka mno. Kuweka faili katika IPFS si kuikabidhi kwa mtandao ili uitunze. Faili ipo kwa muda ambao kuna angalau kompyuta moja iliyowashwa, iliyounganishwa na inayoishika. Anayeifungua faili yako huwa na nakala yake kwa muda, lakini nakala hiyo inaweza kufutwa wakati programu inaposafisha ghala lake, ambalo kwa mipangilio ya awali lina kikomo cha gigabaiti 10. Anayetaka faili ibaki huiwekea pini, yaani huiagiza programu yake isiifute kamwe. Kama hakuna aliyeweka pini isipokuwa wewe, basi una seva moja tu, tena iliyo dhaifu kuliko ile uliyoikimbia, kwa sababu iko mezani pako na inategemea umeme wa mtaa wako. Kompyuta yetu ya kwanza ilipozimika pamoja na mtaa mzima jioni ya mvua, tovuti ilizimika nayo.

Nguvu ya IPFS huonekana nodi, yaani kompyuta zinazoendesha programu hii, zinapokuwa kadhaa. Leo rekodi zetu zina pini Kondele, Ahero, Luanda na Kakamega, na umeme ukipotea upande mmoja, upande mwingine unaendelea kuhudumu bila mtu kubadilisha chochote. Kuna mpangilio mmoja, uitwao Peering, ambao ningeutaja kwa kila kikundi kinachofikiria njia hii: unaandika vitambulisho vya nodi za wenzako katika faili ya mipangilio, na programu hujitahidi wakati wote kudumisha uhusiano nazo badala ya kuzitafuta upya duniani kote. Kabla ya kuuweka, mashine ya Kakamega ilikuwa ikijikuna kichwa kwa muda mrefu kuitafuta ya Kisumu. Baada ya kuuweka, masomo mapya yalivuka mara moja. Na kwa kuwa vipande vya zamani vina alama zile zile, nodi ya Kakamega huchukua vile vipya tu.

Ugumu uliopo, na ambao hautokani na IPFS yenyewe, ni namna intaneti yetu ilivyojengwa. Kampuni za simu kwa kawaida huwagawia wateja wengi anwani moja ya umma, kwa hiyo kompyuta iliyounganishwa kupitia simu au kifaa cha laini inaweza kutoka nje lakini ya nje haiwezi kuigongea mlango. IPFS hujaribu kulizunguka jambo hilo kwa kuomba nodi ya tatu ikutanishe pande mbili, kisha zenyewe zitoboe njia ya moja kwa moja. Mara hufaulu, mara hushindwa. Nodi iliyo nyuma ya intaneti ya waya, ambayo ruta yake imefunguliwa mlango namba 4001, huwa na afya njema zaidi, na kila kikundi kinapaswa kuwa na angalau moja ya namna hiyo.

Lipo pia suala la bando. Nodi iliyoachwa na mipangilio ya kawaida huzungumza na nodi nyingine nyingi hata kama hakuna anayesoma tovuti yako, kwa sababu inashiriki kuitunza ile orodha ya pamoja. Kwa mwenye intaneti ya malipo ya mwezi hilo si neno. Kwa mwalimu anayenunua megabaiti kwa shilingi zake, ni mzigo usiokubalika, na hapaswi kuwasha IPFS kwenye bando la simu kabla ya kuuweka mpangilio uitwao lowpower, ambao hupunguza miunganisho na kuifanya nodi iwe ya kuuliza tu bila kujibu maswali ya wengine. Ningependa programu ya mezani iulize jambo hili siku ya kwanza inapowekwa, kwa lugha nyepesi, badala ya kumwachia mtumiaji aligundue mwenyewe.

Haya yote yanabadilika kabisa unapoingia katika maabara ya shule, na hapo ndipo IPFS iliponishawishi. Shule nyingi za kaunti zetu zina kompyuta za kutosha darasa moja, waya au waifai inayoziunganisha, na njia moja nyembamba ya kwenda nje ambayo hutumiwa pia na ofisi ya mwalimu mkuu na ya mhasibu. Kwa tovuti ya kawaida, wanafunzi arobaini wakifungua rekodi moja ya dakika ishirini, rekodi hiyo husafiri mara arobaini kutoka ng'ambo, na darasa lote hukaa likitazama duara linalozunguka. Nodi za IPFS zilizo katika mtandao mmoja wa ndani hutambuana zenyewe. Kompyuta ya kwanza ikishaleta rekodi, zilizobaki huichukua kwake kupitia waya wa ndani.

Nililiona hili kwa macho katika maabara moja ya Vihiga. Fundi wa maabara, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, alisubiri hadi ukurasa wa masimulizi ya reli ulipofunguka katika mashine ya kwanza na sauti ya mzee ikaanza kusikika. Akaenda kwenye ruta iliyokuwa juu ya kabati, akauchomoa waya wa intaneti, akaushika mkononi mbele ya darasa. «Mwalimu, waambie wafungue sasa,» alisema. Kurasa zikafunguka, moja baada ya nyingine, upande wa kushoto wa chumba kisha wa kulia, na sauti ile ile ya mzee ikaanza kutoka katika spika ndogo kila mahali kwa kupishana, hadi mwalimu alipowaomba wavae vipokea sauti. Hilo liliwezekana kwa sababu anwani iliyotumika ilikuwa ya maudhui yenyewe. Jina la DNSLink lisingejibu bila intaneti.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia shule isiyo na intaneti kabisa. Kubo ina amri ya kutoa folda nzima kama faili moja ya aina ya CAR, ambayo huwekwa katika diski mweko, hubebwa kwa matatu au bodaboda, na kuingizwa katika nodi ya upande wa pili. Anwani haibadiliki, kwa sababu maudhui hayajabadilika, na programu hukagua kila kipande kinapoingia. Karatasi ile ile ya msimbo iliyobandikwa Kisumu hufanya kazi huko Nyakach ndani, ambako waya haujafika. Sijui huduma yoyote ya seva ya kukodi inayoweza kudai hivyo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, na wiki chache baadaye, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ya Kenya ilivurugika tena. Kwa siku kama hizo, masomo yaliyo katika seva ya Ulaya huwa mbali kweli, ilhali yaliyo katika kabati la maabara hayategemei bahari. Kinga ya namna hii imeshajaribiwa kwa kiwango kikubwa kuliko chetu: Uturuki ilipoifungia Wikipedia mwezi Aprili 2017, nakala ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa katika IPFS ndani ya wiki chache, wakati ambapo kizuizi chenyewe kiliendelea hadi Januari 2020.

Kwa wasomaji wa simu, ambao ndio wengi, picha si nzuri vile. Simu haina nodi na kivinjari chake hakiijui lugha ya IPFS. Kivinjari cha Brave kilikuwa kimeitia lugha hiyo ndani yake mwaka 2021, lakini mwaka 2024 kikaiondoa. Msomaji wa simu basi hupitia lango, yaani seva ya kawaida inayochota kutoka IPFS na kumkabidhi ukurasa kwa njia aliyoizoea. Hapo unarudi kutegemea mashine ya mtu mwingine, na msomaji hana hakika kwamba alichopewa ndicho alichoomba. Malango huja na kuondoka: kampuni ya Cloudflare ilifungua lake mwaka 2018 na kulikabidhi kwa wengine mwaka 2024. Isitoshe, walaghai wametumia malango ya umma kuweka kurasa za kuiba nywila, hivyo baadhi ya vichujio vya usalama huyazuia bila kubagua. Suluhisho linalonipa matumaini ni la wahandisi wa Interplanetary Shipyard, waliotoka Protocol Labs na ambao sasa ndio wanaoitunza Kubo: ukurasa wao wa inbrowser.link huufanya ukaguzi wa alama ndani ya kivinjari chenyewe. Katika simu nzuri unafanya kazi barabara; katika simu za bei ya chini huchukua muda kuamka.

Kuhusu faragha nitasema kwa mkazo, kwa sababu shule zinahusika. Kwanza, IPFS haifichi utambulisho. Nodi inapotafuta faili au kutangaza kuwa inayo, anwani yake ya intaneti huonekana kwa wengine. Pili, na hili ni zito zaidi, kilichochukuliwa na wengine hakirudi. Unaweza kuondoa pini yako, lakini huwezi kuingia katika mashine ya mwingine ukaondoa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, na inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kushughulika na taarifa za mtoto. Haki ya kufutiwa haitekelezeki katika mtandao ambamo huwezi kuzifuta nakala zilizo mikononi mwa wengine. Mama mmoja wa Kano, baada ya kusikiliza rekodi yake kabla haijachapishwa, alinishika mkono akasema, «Mwanangu, hilo la shamba la shemeji yangu mlitoe, yasije yakaleta maneno.» Tulilitoa. Lingekuwa limeshaenea, ahadi yoyote ambayo ningempa ingekuwa ya uongo. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba kila msimulizi husikiliza rekodi nzima na kukubali, na kwamba hakuna jina, picha wala matokeo ya mtihani ya mwanafunzi yanayoingia katika folda hiyo. Kwa ninavyoona, shule isiyoweza kusimamia kanuni ya aina hiyo ingali salama zaidi katika seva ya kukodi.

Je, yenyewe itadumu? Swali hili ni la haki, maana njia hii imejaa miradi iliyokwama. ZeroNet, iliyoanzishwa mwaka 2015 na ambayo kwayo kila mgeni wa tovuti alisaidia kuihudumia, ilikuwa nyepesi na ya kuvutia, lakini maendeleo yake yalisimama. Beaker, kivinjari kilichomwezesha mtu kuchapisha tovuti kwa kubonyeza mara moja, kilifungwa rasmi mwaka 2022, nami nasikitika kwa sababu kwa urahisi wa kutumia hakijapata mrithi. IPFS ina watumiaji wengi zaidi na programu yake iko wazi kwa yeyote kuiendeleza. Kinachonituliza ni kwamba faili zetu hazijafungwa ndani yake: folda ya kawaida ya kurasa na sauti iko katika diski ya nje vilevile, na ikilazimu itarudi kwenye seva yoyote mchana mmoja.

Kuhusu gharama, tumetumia kompyuta kuukuu, umeme, na sehemu ya intaneti ambayo shule zilikuwa zikiilipia. Zipo kampuni zinazokuwekea pini kwa malipo au bure kwa kiasi kidogo, nasi tunatumia moja kama nodi ya akiba ya kurasa tu, bila rekodi. Mtu mmoja mwenye duka, anayetaka ukurasa wa bei na ramani, asijisumbue na haya. Akodi seva, alipe kwa wakati. Kikundi cha shule, maktaba, kanisa au msikiti, au chama cha wavuvi chenye kumbukumbu na walau washiriki watatu wenye kompyuta zisizozimwa, nakipendekezea IPFS kwa moyo mkunjufu, kwa masharti niliyoyataja.

Shule za kaunti za Kisumu, Vihiga na Kakamega zinazotaka nakala ya hazina yetu zije na diski mweko ya gigabaiti 16. Diski nyingi zinazouzwa madukani huja zimeandaliwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti nne, ilhali faili yetu ya CAR imeshapita hapo, kwa hiyo iandaliwe upya kwa exFAT kabla ya kuletwa, au fundi wa shule akubali tumgawie rekodi na kurasa katika faili mbili, kila moja na anwani yake.